Kahawa ya Mgeni na Baruti ya Ami

Ipo siku moja, mwanangu Salim, haijanitoka akilini, na jana uliponambia kwa simu kuwa huko kwenye milima ya dubu unajaza mwenyewe risasi za bastola yako, ikanirudia yote. Kwanza nijibu, maana nna hamu ya kujua. Huyo dubu kweli hukimbia, na mwili wote ule? Na hiyo baruti unaipima kwa mizani, au kwa kijiko kama sisi? Mie hapa Qurum, Maskati, dubu nnamwona kwenye televisheni tu.

Sisi tulikuwa na mbwa-mwitu. Nilikuwa kijana, hatujapata hata mwaka tangu tutoke Unguja, na ami yangu alikuwa na mbuzi kule mlimani. Mbwa-mwitu keshakula watatu. Ami alikuwa na bunduki ya zamani, na risasi zake zikijazwa nyumbani: ganda lililokwishapigwa linatiwa baruti mpya, kisha kichwa kipya. Akanifundisha, halafu akaniachia kazi. Nikavimba kichwa, sikufichi.

Siku hiyo nnajaza risasi kumi, na jioni ami anakwenda kumvizia huyo mbwa-mwitu. Nimefika katikati, mgeni akabisha hodi. Unajua kwetu: mgeni hakai bila kahawa, na mdogo ndiye anayemimina, amesimama, mpaka mgeni atikise kikombe, ndiyo kusema katosheka. Yule mzee alikunywa vikombe vitano, na habari za mvua akazimaliza zote. Niliporudi nikabaki kuyatazama maganda. Lipi lina baruti, lipi halina? Ganda lenyewe refu, shingo nyembamba, ukichungulia huoni kitu. Nikajiambia, ah, nnakumbuka. Nikamaliza, nikampelekea.

Ami akazipokea, akaniuliza, "Mgeni alipokuja ulikuwa umefika wapi?"

"Nnakumbuka, ami."

"Sikukuuliza kama unakumbuka. Nimekuuliza wapi."

Akachukua risasi moja, akanitia mkononi. "Basi hii ipige wewe, na shavu lako uliweke juu ya bunduki."

Nikamrudishia ile risasi. "Sijui, ami," nikamwambia. "Sijui nilifika wapi."

Hakunipiga wala hakunitukana, na afadhali angenipiga. Alikaa chini akazifungua zote, moja moja, kila baruti akiimwaga kwenye sahani yake. Ya saba ikatoa mara mbili ya zile nyingine. Bunduki ingempasukia usoni, ami yangu aliyenilea. Nililia mbele yake bila haya.

Jioni ile hakwenda mlimani, na mbwa-mwitu akala mbuzi wa nne. Ami hakuwahi kunitajia mbuzi yule mpaka anakufa.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Simu ikilia, au mtu akibisha hodi, nenda kamkirimu, hiyo ni haki yake. Lakini ukirudi usijiulize ulifika wapi. Mwaga zote uanze upya, hata kama imebaki moja. Na ukishakosea, sema sijui mapema, kabla mtu hajaweka shavu lake. Mie niliona aibu kulisema neno hilo moja, na nusura nimzike ami yangu.

Mungu akukinge na dubu, na akukinge zaidi na mkono wako siku utakapojiona fundi. Akurudishe Maskati salama. Kahawa ntakumiminia mie, nimesimama, mpaka utikise kikombe.