Namba Ndogo ya Mdogo Wake

Maabarani tulimwita Bi Taratibu, na jina lenyewe alilipenda. Chai aliyomiminiwa saa nne aliinywa saa sita, imeshapoa, huku akituuliza tunakimbizwa na nani. Sampuli ikimtia shaka kidogo tu, aliipima mara mbili. Tabia hiyo ilinichosha, maana foleni ya dirishani haina subira.

Kazi yake ilikuwa kupima ile protini ambayo ini huimwaga kwenye damu mwili unapowaka kwa uambukizo. Tunaichanganya damu na kingamwili za chupa, zinaikamata protini, panatokea ukungu, na mashine inausoma. Ukungu mzito, namba kubwa. Lakini ipo hila moja. Protini ikizidi mno, kingamwili huelemewa, ukungu haushikani, na mashine inakuletea namba ndogo bila haya. Hapo unaizimua damu na kupima upya. Yeye ndiye aliyenifundisha.

Asubuhi hiyo ilikuja sampuli ya mdogo wake wa kiume, aliyekuwa amepasuliwa tumbo. Daktari alingoja jibu hilo tu amruhusu kwenda nyumbani. Namba ikatoka ndogo. Bi Taratibu akapiga vigelegele peke yake, nami nikacheka. Hakurudia kupima. Habari njema nani anaiuliza mara mbili?

Mdogo wake akapita dirishani kuaga, koti kalifunga hadi shingoni.

"Dada, leo kulikoni? Jibu limetoka na chai bado ya moto!"

"Nenda zako. Wangekushona na huo mdomo."

Mchana Bi Taratibu akakitua kikombe ghafla.

"Koti la nini na joto lote hili?"

Hakuwa akiniuliza mimi. Akaitafuta ile sampuli, akaizimua kwa maji ya chumvi, akairudisha kwenye mashine. Namba iliyopaswa kushuka ikapanda, tena ikapanda mpaka mashine ikashindwa kuisoma. Niliogopa kumtazama usoni.

Daktari hakubishana. Alituma gari la wagonjwa papo hapo. Bi Taratibu akampigia mke wa mdogo wake, simu akaiweka mezani kwa kipaza sauti.

"Wifi, yuko wapi mwenzio?"

"Amelala. Mwache apumzike jamani, tangu apasuliwe ndiyo kwanza leo halalamiki."

"Mwamshe."

"Lakini wifi, si nimekwambia…"

"Nakuomba, mwamshe sasa hivi!"

Tukasikia kandambili zikielekea chumbani, kisha mlango. Akamwita kwa upole, kama mtu anayeona vibaya kumsumbua mgonjwa. Akamwita tena, sauti imepanda. Halafu tukasikia kitanda kikitikiswa, na yeye analia, na hakuna aliyemwitikia.