Maji Aliyoyachemsha Mama

Kaka yangu watu humwita Tangi, hata wasiojua jina alilopewa na wazazi. Mwaka wa tisa huu anaendesha trekta linalovuta tangi la samadi ya majimaji, mavi na mikojo ya ng'ombe mia tatu wa bosi wake. Akipita watu huziba pua, naye huwapungia mkono kama mgombea ubunge. Nguo zake za kazi zina ndoo yake peke yake.

Jumamosi moja bosi alikuwa mkarimu. Tangi la mwisho alimwambia kaka ampelekee mama. Kaka alilimwaga bustanini, hatua ishirini upande wa juu wa kisima, kabichi zikanenepa, mama akamwombea bosi heri. Hata mimi nilimshukuru, na hilo linanichoma mpaka leo. Ukarimu gani ule? Shimo lake la samadi lilikuwa linafurika, mashamba yake yameshiba, na sheria inamkataza kuimwaga samadi mvua ikikaribia. Basi akautafutia uchafu wake pa kwenda, akauita zawadi. Kaka aliwahi kumuuliza kuhusu kisima.

"Hata babu yako alitumia samadi," bosi akamjibu, akicheka.

Babu alikuwa na ng'ombe wawili.

Niliporudi kazini kwangu, kwenye duka la dobi, nilimwachia mama mwanangu wa miezi mitatu na maziwa ya kopo. Mama hana mchezo na usafi. Maji ya kisima aliyachemsha, akayaacha yatokote mpaka yapungue nusu, ndipo akoroge maziwa. Mtoto alipoanza kuharisha, akazidisha kuchemsha. Siku midomo ya mtoto ilipogeuka rangi ya buluu, tulimkimbiza hospitali.

Daktari aliuliza maji tunayotumia, na kesho yake mtaalamu wa maji akaja kupima kisima. Alipima mara mbili.

"Hii ni naitreti, imetoka kwenye samadi," alisema. "Inazuia damu ya mtoto kubeba hewa. Mlikuwa mnayachemsha?"

"Sana," mama akasema.

"Kuchemsha hakuiondoi, mama. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, inazidi kuwa kali."

Mama aliitazama sufuria yake. Kaka alitoka nje, nikamsikia akitapika nyuma ya trekta. Nilitaka kumrukia, nikashindwa. Hasira zangu hazikuwa zake.

Mtoto bado yuko wodini, ingawa sasa anapumua vizuri. Jumamosi hii nilipokwenda nyumbani kumchukulia nguo, simu ya kaka iliita. Akaweka sauti ya juu ili sote tumsikie bosi.

"Poleni na mtoto. Sasa sikia, shimo limejaa na mvua hiyo inakuja. Leo mpelekee mama matangi mawili."

Mama alinyoosha mkono, akaichukua simu.

"Baba," alisema, kwa upole wake ule ule wa siku zote, "leo njoo mwenyewe, unywe chai kwangu. Maji usiyaogope. Nimeyachemsha sana."