Nilimwita Mlevi Mtu Asiyeonja Pombe

Mimi ni mwongo, tena mwongo anayekaa benchi la mbele kanisani. Nisomeni mpaka mwisho, halafu nitukaneni mnavyotaka.

Miaka ya themanini wageni wa Kizungu walikuwa wakija kwetu Karagwe kutaka kuteremka mto Kagera kupitia korongo la mawe, kule kusikoota kitu ila miba. Ilikuwa safari ya kutwa. Wa kuwaongoza nilikuwa mimi.

Siku hiyo walikuja wengi, mtumbwi wangu mmoja haukutosha. Nikachukua gogo la baba, lile lililochongwa mfano wa mtumbwi, ambamo tunakanyagia ndizi za kutengenezea rubisi. Nilijua lina ufa. Nilikuwa nimeuziba mwenyewe kwa mavi ya ng'ombe na majivu, kama tunavyofanya nyumbani, maana kwa pombe kiraka hicho kinashika. Kwa mto unaokimbia vile? Nilikuwa na akili gani mimi!

Nikamkabidhi shemeji yangu Faustini, mdogo wa mke wangu, aliendeshe likiwa na mizigo ya wageni. Akaniuliza, "Shemeji, hili litafika kweli?"

"Panda, usinipotezee muda," nikamjibu.

Katikati ya korongo kiraka kikang'oka. Gogo likajaa maji, likapinduka, Faustini akapiga kichwa kwenye mwamba. Tulimbeba kwa machela hadi hospitali. Alipozinduka hakukumbuka lolote la siku ile.

Wazee wakataka kujua kulikoni. Koti lake, alilolikalia ndani ya gogo lile la pombe tangu asubuhi, lilinuka rubisi hata baada ya kulowa. Basi nikasema, "Alikuwa amekunywa."

Wakaamini papo hapo, washenzi wale! Mtu ambaye hakuonja hata kwenye harusi ya dada yake, na mwezi uliofuata alikuwa aende kusomea uinjilisti. Hakuna aliyeniuliza mara ya pili. Nafasi yake akapewa mwingine.

Hata yeye aliniamini, na hilo ndilo linalonichoma. Alisimama mbele ya usharika na bandeji kichwani, akatubu pombe ambayo hakuinywa. Baada ya ibada akanifuata nje, akapiga magoti. "Shemeji, nimekuharibia kazi na wageni wako. Nisamehe."

Nikamwambia nimemsamehe. Naam, mimi, kwa mdomo huu huu.

Leo analima migomba, na kichwa bado kinamsumbua. Jumapili iliyopita alimleta binti yake aniamkie. "Huyu ndiye aliyenisamehe," akamwambia. Mtoto akasema shikamoo, nami nikaitikia marahaba.

Wewe uliyemsingizia mwenzako ili kujiokoa, nenda ukaseme leo. Nenda wakati bado ana hasira na wewe, kabla hajaanza kukushukuru.