Difu Aliyoichomelea Shemeji

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, hajawahi kufungua nati ya tairi bila kuiharibu. Lakini aliponunua pikapu ya kizamani ya kushindania matopeni, alianza kuvaa ovaroli. Ovaroli ya bluu, safi, iliyopigwa pasi. Alikuja nayo gereji kwangu, mtaa wa Kwa Mrombo, wakati wa masika, simu mkononi, akanionyesha video ya Mzungu mmoja akichomelea difu.

"Shemeji, umeona? Ukishachomelea hivi, matairi yote mawili yanavuta. Hakuna tope litakalokusumbua."

Mimi nimefungua madifu zaidi ya miaka ishirini. Difu ni kile kibuyu cha chuma katikati ya ekseli. Ndani yake kuna gia ndogo zinazoliruhusu tairi la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Topeni ndipo zinapoleta shida, kwa sababu nguvu yote hukimbilia kwenye tairi linaloteleza. Basi watu wasio na subira huzichomelea zile gia zikawa donge moja, matairi yakazunguka pamoja, yatake yasitake. Kwenye tope, sawa. Kwenye ardhi ngumu, ukikata kona, matairi yanagombana, na shafti inayoyazungusha ndiyo inayoumia.

Nilimweleza hayo yote. "Tufunge loki, ile unayoiwasha ukiingia topeni na kuizima ukitoka. Tuweke shafti nene. Ekseli yenyewe tuiongezee bati kwa chini, tuchomelee kidogo kidogo tukiiacha ipoe, isije ikapinda. Nipe wiki tatu."

Alicheka hadi akashika kiuno. "Wiki tatu! Mashindano ni Jumamosi. Nyie mafundi wa zamani mnaogopa kila kitu."

Akaenda kuchomelea mwenyewe, nyumbani kwa baba yake huko juu mlimani, chini ya migomba. Alhamisi aliniletea difu nimfungie na kumwekea oili. Niliitazama ile kazi. Madonge ya chuma yalikuwa yamekaa ovyo kama ugali uliomwagika, na kwingine moto haukushika kabisa. Ningeweza kusema. Ningeweza kukataa kuifunga. Lakini yeye alikuwa amesimama pembeni akijipiga picha na spana yangu, nami nikasema, "Sawa, shemeji."

Nilitaka aaibike. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Nilitaka gari limfie mbele ya watu wote, nami niwepo nikitazama. Nikaifunga difu, nikanawa mikono, nikaenda kunywa chai.

Jumamosi nilikwenda Nduruma, mashambani, mashindano yalikofanyika. Sijawahi kuona watu wamejipamba hivyo kwa ajili ya kwenda kwenye matope. Miwani myeusi, kofia mpya, magari yaliyooshwa asubuhi hiyo hiyo na kubandikwa stika mpaka kwenye vioo. Mtangazaji alikuwa anapiga kelele kwenye spika kana kwamba kuna mtu anaenda mwezini. Nilinunua soda, nikatafuta mahali pazuri pa kucheka.

Pikapu ya shemeji ilipofika kwenye mstari, nikaona kuna mtu wa pili ndani, amevaa helmeti. Alipogeuza uso nikamtambua. Alikuwa mdogo wangu. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba yeye ndiye atakayemsomea njia na kumtajia kona.

Niliweka soda chini, nikaanza kwenda kule waliko. Nilitembea. Sikukimbia, kwa sababu niliona haya kukimbia mbele ya wale watu niliokuwa nawadharau. Sijafika nusu ya njia, kipenga kikalia.

Kabla ya tope kulikuwa na kipande cha njia ya trekta, kikavu na kigumu, halafu kona ya kushoto kando ya mfereji wa kumwagilia. Shemeji aliingia kwenye kona kwa mbwembwe. Usukani uligeuka, gari halikugeuka. Matairi ya nyuma yalilisukuma mbele moja kwa moja, mlio mkali wa chuma kukatika ukasikika, na pikapu ikalala ubavu ndani ya mfereji.

Hapo ndipo nilipokimbia.

Mdogo wangu alivunjika mfupa wa mtulinga, huku juu begani. Shemeji hakupata hata mchubuko, na kabla mke wake hajatolewa vizuri ndani ya gari alishaanza kuwaeleza watu: "Ni oili. Fundi aliweka oili isiyofaa."

Hospitalini mdogo wangu aliniuliza swali moja. "Kaka, hiyo difu uliiona?"

"Niliiona."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia sawa."

Aligeukia ukutani. Mumewe alikuwa mjinga tu, lakini mimi nilijua. Miezi mitatu hakupokea simu zangu.

Kisha asubuhi moja alifika gereji, pikapu ikivutwa nyuma ya trekta. Hakunisalimia. "Ifanye vile ulivyotaka kuifanya," alisema. "Nami nitakaa hapa hapa niangalie."

Hakukaa kuangalia tu. Alishika grinda, alinisaidia kupima nafasi kati ya gia na gia, na kila nilipotaka kuharakisha kuchomelea lile bati alinizuia: "Si ulisema ipoe?" Wiki ya tatu tukafunga.

Msimu uliofuata aliendesha yeye. Hakushinda, alimaliza wa tano kutoka mwisho, tope hadi kwenye nyusi, difu nzima, shafti nzima. Shemeji alikuwa kwenye kiti cha abiria, na ile ovaroli yake. Alishuka wa kwanza, akawageukia waliokuwa karibu.

"Difu hiyo tuliiimarisha wenyewe nyumbani," alisema.

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akaniwahi.

"Wewe," alimwambia mumewe, "acha maneno, kachote maji tuoshe gari."

Akaenda kuchota.