Mipira Kumi na Miwili Kabatini

Kaka yangu ni fundi viatu, na hasira zangu zinaanzia hapo hapo kwenye ufundi wake. Mwalimu wa michezo alipoleta besiboli mkoani kwetu, alikuja na magongo mawili na mpira mmoja. Mpira wenyewe haukumaliza wiki tatu, ukapasuka. Kaka akauokota, akaufumua, akachungulia tumboni. "Hiki nacho ni kitu cha kuagiza nje?"

Tangu siku hiyo tukawa tunashona wenyewe, yeye na mimi, kibandani kwetu. Kiini raba ya soli, juu yake nyuzi za sweta kuukuu, kisha ngozi. Tulitumia uzi mnene wa viatu uliopakwa nta, kwa hiyo mishono ilisimama juu ya ngozi. Kaka akiibana kwa vidole viwili na kurusha, mpira ukimkaribia mpigaji ulikata kona kama mtu aliyemwona mkwewe mbele. Watu wakambatiza Kona, na kwa miaka sita hakuna aliyemweza.

Ndipo likatangazwa shindano la kwanza la taifa, mikoa minane, mtoano. Watakaong'ara wangeitwa timu ya taifa. Kaka alikuwa na miaka thelathini na mitano, na alijua kwamba asipoitwa safari hii, basi tena. Mwezi mmoja kabla, chama kikatuletea boksi la mipira mipya kumi na miwili na barua: ifanyieni mazoezi.

Kaka akaipanga kabatini, akafunga, ufunguo akauvaa shingoni. Kwetu kitu kizuri hakiguswi mpaka mgeni aje. Vikombe vya mama vimezeekea humo humo bila kuonja chai. "Ikichafuka tutaenda na nini?" akasema.

Kabla hajafunga nilikuwa nimeushika mmoja. "Kaka, uzi wa huu umelala. Hata vidole havina pa kushika."

"Uzi ni uzi, mdogo wangu. Mpira ni mkono."

Nikanyamaza. Na mimi ni mshonaji, na moyoni nilitaka mipira yetu iwe ndiyo bora. Kwa hilo nami nina la kujibu.

Siku ya mchezo ilichezewa mipira kama ile ya kabatini, na mrusho wa kwanza wa kaka ulinyooka kama rula. Mpigaji wa wapinzani, jibaba lenye kitambi, akaupeleka nje ya uzio. Wa pili hivyo hivyo. Kila baada ya kurusha kaka aliangalia vidole vyake, na mimi kwenye benchi nikawa siwezi kumwangalia yeye. Tulifungwa kumi na nne kwa moja. Tulisafiri siku mbili kwenda kucheza saa mbili.

Lakini begini kaka alikuwa na mpira wetu mmoja wa kushona. Akamfuata mzee wa kamati ya uteuzi. "Mzee wangu, shikamoo. Naomba nirushe mara tatu tu, huyo huyo apige."

Mzee akaitikia, akamwita jibaba. Mara tatu gongo likakata upepo. Mara ya tatu jibaba mwenyewe akaanguka magoti. Waliokuwepo wakapiga makofi, nami nikalia kwa furaha kama mjinga, nikidhani mambo yamenyooka.

Mzee akaomba mpira, akapitisha kidole gumba juu ya mishono. "Nani kashona?"

"Sisi, mimi na mdogo wangu."

"Fundi, mkono kama huu sijauona nchi nzima. Ila hata timu ya taifa haitachezea mpira huu. Ile tuliyowaletea, mwezi mzima mlikuwa mnaifanyia nini?"

Kaka akaushika ufunguo shingoni.

"Mwezi ungekutosha kuizoea," mzee akasema, wala hakuwa mkali, akamrudishia mpira wake.

Jioni orodha ikasomwa, majina kumi na nane. La kaka halikuwemo. Mwaka uliofuata chama kikaweka ukomo wa miaka thelathini.

Siku hizi ukimtajia besiboli anagonga soli kwa nguvu ili asikusikie. Huyo mzee angesema kaka hana kipaji, tungemtukana njia nzima na kufika nyumbani tumepoa. Angekuwa na upendeleo, tungemsema mpaka leo. Alisema kweli, na mimi nimetafuta sana mtu wa kumchukia, nikakuta tumo sisi wawili tu.