Damu Husafiri na Mwenyewe

Sogea karibu unisikilize, wewe uliye nyumbani Lamu, nikueleze kwa nini Alhamisi ile niliifunga maabara yetu ya Kismayu, ambako nafanya kazi peke yangu, nikaenda kisiwa cha Chovae. Mwanaesha, mke wa mvuvi, alikuwa akisubiri kupasuliwa uvimbe, na fizi zilikuwa zikimvuja damu siku ya nne. Mfuko pekee wa damu ya kundi lake ulikuwa umekaa kwenye friji wiki tatu. Tulimwongezea. Uso ulipata rangi, lakini fizi hazikukauka. Daktari akasema hashiki kisu mpaka apatikane mtu wa kundi lile, aje hapa hapa. Ni kundi adimu. Alibaki kaka yake, Shee, aliyeko Chovae, na simu yake haikupatikana.

Saa moja asubuhi nilipanda boti ya mashine. Abiria wengine walikuwa mtu na mkewe, wakinong'onezana Kisomali. Nilikaa mbele na begi langu. Njia nzima sikupata wa kumwambia hofu yangu: je, akikataa?

Chovae, baada ya adhuhuri. Shee nilimkuta chini ya mashua, akikalafati, akiziba mishono ya mbao, mikono imejaa pamba na mafuta. Nilimwambia hali ya dada yake. Aliondoka, akarudi na sanduku la barafu lililosuguliwa likanukia sabuni, akakunja mkono wa shati.

"Chukua hapa hapa, dada. Nguru wangu hufika Kismayu macho maangavu. Damu ya mchu, ya binadamu, itashindwa na nguru?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Kisha nikakaa mchangani nimweleze. Baridi huzitunza chembe nyekundu. Anazokosa dada yake ni chembe sahani, zile zinazoshikana kuziba jeraha. Zikiwa mwilini ni bapa, zimetulia. Baridini hujikunja na kutoa mikono kabla ya wakati, na siku zikipita, nguvu ya kushikana huisha.

"Na zisipotiwa baridi?"

"Hudumu siku chache, zikitengwa na kutikiswa polepole na mashine. Mashine hiyo hatuna."

Akaitazama mashua, mishono yake bado wazi. Akaifunika jamvi.

"Basi mashine ni mimi. Boti itanitikisa bure."

Ijumaa, Kismayu. Baada ya vipimo nilimtoa damu, nikaubeba mfuko kwa viganja viwili hadi chumba cha upasuaji. Ulikuwa na joto kama mkate. Alasiri daktari akatoka, akasema uvimbe umetolewa na damu imekoma. Shee aliegemea ukuta, akafumba macho.

Jumamosi alirudi kwenye mashua yake. Aliniachia nguru ndani ya sanduku: "Huyu ndiye wa barafu." Nilimpika, nikamla peke yangu, friji ikinguruma. Nilikuwa nimeiamini mno friji ile. Huhifadhi damu, lakini si kila kazi ya damu.

Kwa hiyo ukiitwa kumtolea jamaa yako damu, kula, kunywa maji, kisha nenda mwenyewe.