Mawe ya Njia ya Mtoni

Jumatano hiyo nilikuwa nafundisha Vita vya Troya, na darasa la saba lilikuwa linacheka. Niliwasimulia jinsi Wagiriki walivyouzingira mji miaka kumi wakashindwa, wakajifanya wamerudi kwao, wakaacha farasi mkubwa wa mbao nje. Watu wa Troya wakabomoa ukuta wao kwa mikono yao ili farasi apite. “Wajinga hao!” nikasema, nikicheka kuliko wanafunzi. Kila mwaka niliwaita wajinga.

Wiki mbili baadaye malori ya wachimba mchanga yakaja. Kwetu, chini ya Wamunyu, mto ni mchanga mtupu, lakini ukichimba unapata maji. Mchanga ukibebwa, maji nayo yamekwenda. Tulipowakataza wachimbaji walirudi na mapanga, kisha na bunduki. Tukaifunga njia ya mtoni, njia pekee ya gari, kwa mawe na miiba, na wanaume wakailinda kwa zamu na mishale yao. Mume wangu Muema alikuwa mchonga vinyago, mtu wa msasa na patasi. Upinde hakuuzoea. Sikumwomba Mungu kitu kingine siku hizo: arudi jioni akiwa mzima, basi.

Tulikaa hivyo wiki tatu. Unga uliisha, watoto wakaacha shule. Tulienda polisi mara mbili wakatuuliza ushahidi uko wapi.

Jumamosi moja asubuhi kukawa kimya. Mahema ya wachimbaji ng'ambo ya mto hayakuwepo. Walikuwa wameacha lori moja, limekwama mtoni na mzigo wake wa mchanga tangu siku tulipofunga njia. Woi, vigelegele vya siku hiyo! Ushahidi si huo sasa? Tukafunga ng'ombe wa plau kwa kamba, tulivute hadi kwa chifu.

Lakini mawe yalikuwa njiani.

“Mama Mutua,” Muema akaniambia, “hii mawe tukitoa, nani atarudisha? Wacha lori ikae hapo hapo, chifu akuje aione.”

“Chifu gani wa kuja huku? Watu wameenda, wewe bado unaogopa!” Nikawageukia wengine. “Toeni mawe!”

Wakayatoa. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu.

Lori lilipita saa saba mchana. Tulilifuata tukiimba, wake kwa waume. Muema alibaki na wenzake wawili, akaanza kurudisha jiwe moja moja. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kunipinga mbele ya watu, kwa hiyo sikumuaga.

Tukasikia pikipiki nyuma yetu. Nyingi.

Kisha risasi.

Nilikimbia kurudi, peku. Nilimwita yeye, nikamwita Mungu, kisha sijui nilikuwa naita nani.

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya mawe. Alikuwa ameyafikisha magotini.

Wale wawili walikuwa wamekimbia, na siwalaumu. Nyumba zetu zilichomwa mchana huo huo, na malori yakaingia mtoni yakachota mpaka yakaridhika. Leo ukichimba pale jembe linagonga mwamba. Maji waliobaki wanayafuata mwendo wa saa mbili, kwa punda, na wengi wamehama.

Mimi nilihamia Mumbuni na mama mkwe wangu. Siku ya mazishi, mbele ya kaburi, aliniuliza, “Mwana wakwa, ni nani alisema mawe itolewe?”

“Ni watu, mwaitu, mama yangu,” nikajibu.

Waliosimama pale wote walijua. Hakuna aliyefungua mdomo, na mpaka leo hawajafungua. Afadhali wangenitukana.

Namchemshia uji, namwosha miguu. Huniombea kila asubuhi, na kwa wageni husema hata binti wa tumbo lake hangemtunza hivi. Ninaposikia hayo natamani ardhi ipasuke. Nimekaa kitandani pake mara nyingi nikiwa nimekata shauri kumwambia, nikaishia kumpangusa mdomo.

Sasa masikio yake yamekufa. Nikitaka kumwambia leo, itabidi nipige kelele, na itabidi nirudie.